Giaboksi ya Otomatiki Inaposumbua: Kuchunguza Dalili na Chanzo Kabla ya Kuishusha

Magari mengi yanayotembea Tanzania yaliingizwa nchini yakiwa yametumika Japani, na sehemu kubwa ya hayo, kuanzia Vitz na IST hadi Harrier na X-Trail, yana gia za otomatiki. Giaboksi ya namna hii hufa ghafla kwa nadra. Kwa kawaida hutoa dalili kwa wiki au miezi kadhaa, na tatizo ni kwamba dalili hizo hufanana sana na za hitilafu nyingine zisizohusu giaboksi kabisa. Ndiyo maana hukumu ya kwamba giaboksi imekwisha hutolewa haraka kuliko inavyostahili, na mwenye gari hujikuta amenunua giaboksi ya mtumba ili kutibu waya uliolika, mpira uliokatika au oili iliyopungua.

Maelezo haya yanafuata utaratibu mmoja: kila kinachoweza kuchunguzwa giaboksi ikiwa mahali pake kichunguzwe kwanza. Vitu hivyo ni oili, mfumo wa kupoza, umeme na mipira inayoshikilia injini. Kushusha giaboksi ni hatua ya mwisho, kwa sababu ni kazi ya gharama, na pia kwa sababu giaboksi iliyofunguliwa kwenye gereji yenye vumbi hurudi garini ikiwa na uchafu ambao haukuwamo.

Tambua kwanza aina ya giaboksi

Kuna aina kuu mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida yenye gia 4, 5, 6 au zaidi, ambamo presha ya oili hubana pleti za klachi ili kuunganisha gia moja baada ya nyingine. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazobadilisha upana. Gari la otomatiki ya kawaida huonyesha kila gia inapobadilika kwa mshale wa mzunguko wa injini kushuka kidogo, ilhali kwenye CVT injini inaweza kuunguruma kwa sauti ileile huku mwendo ukiongezeka. Mtu aliyezoea aina ya kwanza akiendesha ya pili hudhani inateleza, kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Usitegemee jina la gari, kwani Vitz mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti. Kwenye Toyota, soma kibati cha utambulisho kilichobanwa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE. Ukikuta U340E, hiyo ni otomatiki ya gia 4 inayopatikana kwenye magari mengi madogo ya kampuni hiyo. Herufi ya kwanza ikiwa K, kama K310 au K311, hiyo ni CVT. Namba hiyo iandike mahali salama, maana utaihitaji tena ikiwa mambo yatafikia kununua giaboksi nyingine.

Oili

Hakuna kipimo kinachotoa habari nyingi kwa gharama ndogo kuliko oili ya giaboksi, na hakuna kinachofanywa vibaya mara nyingi zaidi. Kwenye Toyota yenye kijiti cha kupimia, gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata moto baada ya mwendo wa kutosha na iendelee kuunguruma, liva ya gia ipitishwe taratibu kwenye nafasi zote kuanzia P hadi L na kurudishwa P, ndipo kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe na kusomwa kwenye alama za moto. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Anayepima Toyota kwa utaratibu wa Honda ataona oili imezidi, na akiipunguza atakuwa ameanzisha tatizo ambalo halikuwapo.

Magari mengi ya baadaye hayana kijiti. Yana nati ya kiwango chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi), ambayo hufunguliwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto maalumu, ambalo kwenye Toyota nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 45 za Selisiasi. Oili ikidondoka kwa uchache kiwango ni sahihi. Fundi anayejaza kwa kukadiria, au anayefungua nati hiyo oili ikiwa ya moto sana, hataweza kujua kiwango cha kweli.

Kiwango kikishajulikana, tazama hali yake kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Rangi ya kahawia bila harufu kali ni oili iliyochoka, na kuibadilisha kunaweza kutosha. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba nyuso za klachi zimeungua, na hapo oili mpya haitarudisha kilichoungua. Vipande vya chuma vinavyong'aa, tofauti na unga laini wa kijivu ambao ni wa kawaida kwenye sumaku za sampu, huashiria beringi au gia zinazosagika.

Rangi ya maziwa au ya waridi yenye ukungu maana yake maji yameingia. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni rejeta, kwa sababu kwenye magari mengi bomba la kupozea oili ya giaboksi limepita ndani ya tangi la rejeta, na linapotoboka kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na oili huchanganyika pande zote mbili. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, jibu limepatikana. Rejeta ikiwa safi, uliza kama gari lilipita kwenye mafuriko, kwa kuwa giaboksi ina tundu la kupumulia ambalo huvuta maji likizama. Magari yaliyolazimishwa kupita Jangwani, Dar es Salaam, mvua ilipofurika yana kila sababu ya kuchunguzwa hivi. Kwa hali zote mbili gari lisiendeshwe hata kwenda gereji, kwa kuwa maji huharibu gundi inayoshika nyuso za pleti za klachi.

Kuhusu kubadilisha, aina ya oili si jambo la kukisia. Toyota za zamani zilitumia Type T-IV, za baadaye zikahamia WS, na mtengenezaji mwenyewe haruhusu moja itumike badala ya nyingine. CVT za Nissan hutumia NS-2 au NS-3 kulingana na giaboksi, na Honda Fit za mwanzo zenye CVT zilitengenezewa oili yake pekee. Kumimina oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT ni kosa linaloua, kwa sababu mkanda na puli zake hutegemea msuguano ambao oili hiyo haikuundwa kuutoa.

Mafundi wengi huonya kwamba giaboksi iliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa oili hufa ikibadilishwa. Kuna ukweli ndani yake, ila si oili mpya inayoiua. Giaboksi iliyokufa wiki moja baada ya oili mpya mara nyingi ilikuwa tayari inateleza, na ndiyo sababu mwenyewe alikwenda kuibadilisha. Njia ya busara ni kuepuka mashine inayosukuma oili kwa presha, badala yake kuondoa ile inayotoka kwa kufungua nati ya chini, kujaza kiasi hichohicho, kuendesha kwa siku kadhaa na kurudia, kwa sababu sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya tokikonveta, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili, na haitoki kwa mara moja. Oili ikiwa imeungua kabisa, usitarajie kwamba utaratibu wowote wa kubadilisha utaiokoa.

Liva haitoki kwenye P

Hili huogopesha watu bure. Liva hufungwa mpaka gari lipate taarifa kwamba breki imekanyagwa, na taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Mtu mmoja akanyage breki na mwingine atazame nyuma: taa zisipowaka, kagua fyuzi na swichi ya pedeli. Betri dhaifu nayo huleta hali hii. Karibu na liva kuna kitufe au kijitundu chenye kifuniko cha kufungulia kwa dharura, ambacho kinatosha kukufikisha kwa fundi umeme. Giaboksi haihusiki hapa hata kidogo.

Gari linachelewa kushika gia

Ukihamisha liva kutoka N kwenda D, gari lisilo na hitilafu linapaswa kushika kwa chini ya sekunde 1.2, na kwenda R kwa chini ya sekunde 1.5, hivyo ndivyo Toyota inavyoelekeza kipimo hicho, na kwa magari mengine tofauti si kubwa. Kuchelewa asubuhi tu, kisha kuwa sawa kutwa nzima, kwa kawaida husababishwa na oili kupungua, filta iliyoziba, au sili zilizokauka kwa umri kiasi cha kuruhusu oili kurejea kwenye sampu usiku. Kuchelewa kunakozidi kadiri giaboksi inavyopata moto ni kubaya zaidi, kwani oili nyepesi ya moto hupenya kwa urahisi kwenye sili zilizolika na pampu iliyochoka.

Nafasi inayokataa nayo ina maana. Gari likikataa kuondoka kwenye D lakini likaondoka kwenye L, klachi ya upande mmoja inayobeba gia ya kwanza inashukiwa, kwa kuwa kwenye giaboksi nyingi L huisaidia kwa breki ya ndani. Rivasi ikipotea peke yake huku gia za mbele zikiwa nzima, tatizo liko kwenye klachi yake au kwenye velvu bodi, yaani kitengo cha velvu zinazoelekeza presha ya oili kwenye klachi. Gia zote zikipotea kwa pamoja, kabla ya kutaja giaboksi hakikisha oili imo, waya wa liva haujachomoka, na ekseli haijatoka mahali pake. Ekseli iliyochomoka hufanya gari lisimame kabisa huku injini ikiunguruma kwa furaha.

Kishindo wakati wa kuingiza au kubadilisha gia

Kishindo cha kuingiza D au R gari likiwa limesimama kwa kawaida hutoka nje ya giaboksi. Fungua boneti, fundi asimame pembeni wala si mbele ya gari, mtu aliye ndani akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha liva kutoka D hadi R na kurudi. Injini ikirukaruka, mipira inayoishikilia, yaani mauntini, imekatika. Angalia pia kama injini inaunguruma kwa kasi kubwa kuliko kawaida bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mara nyingi huletwa na throto (mlango wa hewa ya injini) chafu. Giaboksi inayoshika injini ikiwa kasi lazima igonge. Kwenye Mark II, Hiace na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kagua jointi za propela.

Kishindo kinachotokea gari likiwa kwenye mwendo, gia ya kwanza ikipisha ya pili au ya pili ikipisha ya tatu, ndicho kinachoelekeza ndani: solenoidi (velvu ya umeme) inayodhibiti presha, velvu iliyokwama kwa uchafu, au sensa inayoipa kompyuta taarifa potofu. Kwenye giaboksi nyingi velvu bodi hufikiwa kwa kufungua sampu au kifuniko cha pembeni bila kuishusha, na fundi asiyekueleza hivyo ana haki ya kuulizwa sababu.

Kuteleza

Kuteleza halisi ni pale mzunguko wa injini unapopanda ghafla bila mwendo kuongezeka. Ikitokea gari likikata kona kali au likianza kupanda mlima, oili iliyopungua ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu husogea upande mmoja na pampu huvuta hewa. Ikitokea kwenye gia moja tu, klachi ya gia hiyo imelika. Ikitokea kwenye gia zote na oili ikawa sahihi, kipimo cha presha ndicho kinachoamua kati ya pampu, filta na klachi, na kipimo hicho hufanywa kwa kufunga geji kwenye tundu lililotengwa.

Wapo wanaopima kwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gari likiwa kwenye D. Kipimo hicho ni halali, lakini kisizidi sekunde 5 na kisifanywe na mtu asiyejua kasi ambayo injini hiyo inapaswa kufikia, kwani hupandisha joto la tokikonveta haraka sana na kinaweza kuimaliza giaboksi iliyobakiwa na maisha mafupi.

Kutetemeka kwenye mwendo wa wastani

Mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo, unaotokea kwenye mwendo wa wastani wakati mafuta yamekanyagwa kidogo tu, una wagombea wawili: klachi ya kufungia iliyo ndani ya tokikonveta, au injini inayokosa moto kwenye silinda moja. Mafundi hubishana bure juu ya hili wakati jaribio lake ni jepesi. Kwenye barabara tupu, mtetemo ukianza, gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa tu bila kupunguza mafuta. Kompyuta hufungua klachi hiyo mara moja. Mtetemo ukikoma papo hapo, ni tokikonveta au oili yake iliyochoka. Ukiendelea, badilisha plagi na kagua koili kwanza. Mashine ya kupimia ikitoa msimbo wa hitilafu P0741 inaunga mkono jibu la kwanza, ilhali P0300 hadi P0304 zinaunga mkono la pili.

Taa inawaka na gari limebaki kwenye gia moja

Kompyuta ikipoteza imani na taarifa inazopata, huifunga giaboksi kwenye gia moja, kwa kawaida ya kati, ili gari lifike gereji. Dereva huona gari zito kuondoka na linalounguruma sana kwenye mwendo. Kwenye Toyota za zamani taa ya O/D OFF humetameta kuashiria kwamba kuna msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa. Ikiwaka bila kumetameta, kuna mtu aliyebonyeza kitufe kwenye liva, na gari linakataa gia ya juu kwa kuwa limeamriwa hivyo. Malalamiko mengi ya gari kula mafuta baada ya safari ndefu humalizwa kwa kubonyeza kitufe hicho tena.

Msimbo P0700 peke yake hauna maana zaidi ya kwamba kompyuta ya giaboksi ina la kusema, kwa hiyo mashine isome misimbo ya giaboksi yenyewe. P0715 na P0720 hutaja sensa za kasi ya kuingia na ya kutoka, P0705 hutaja swichi ya nafasi ya liva, na kundi la P0750 hadi P0770 hutaja solenoidi. Hata hivyo msimbo hutaja saketi yenye hitilafu, na saketi hiyo ina waya, plagi za kuunganishia na kifaa chenyewe. Uliza injini ya gari ilioshwa lini kwa mashine ya presha. Maji yaliyoingia kwenye plagi ya giaboksi huleta misimbo inayokuja na kuondoka, na kuikausha na kusafisha pini zake kumewahi kuokoa giaboksi nyingi zilizokuwa zimeshatafutiwa mbadala. Panya wanaokata waya wasisahaulike.

P0730, inayosema uwiano wa gia si sahihi, ni ya aina nyingine. Ikiambatana na oili nyeusi, hapo giaboksi inakiri yenyewe.

Joto, milima na CVT

Giaboksi inayofanya kazi vizuri mjini na kukataa baada ya kupanda mlima Kitonga, kisha ikapona baada ya kupumzishwa, ina tatizo la joto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bomba la kupozea huziba kwa mabaki ya klachi, feni ya rejeta huchelewa kuwaka, na nafasi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi hujaa vumbi na nyasi ambazo hazionekani kutoka mbele.

CVT huumizwa zaidi na hali hii, na kompyuta yake hupunguza nguvu za injini kujilinda, jambo ambalo dereva hulitafsiri kuwa gari limeishiwa. Sifa mbaya ya CVT za Nissan haikuzuka Afrika Mashariki. Nchini Marekani kampuni hiyo iliongeza dhamana ya magari yake ya CVT ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000. Mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo hutokana na beringi za puli, lakini beringi ya gurudumu hulia vilevile, na hiyo hubadilika sauti unapopinda usukani kushoto na kulia. Mlio wa gurudumu utibiwe kwanza. Ni kazi ya bei ndogo sana ikilinganishwa.

Tabia ya kuweka N kwenye mteremko ili kuokoa mafuta iachwe. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe dereva akiachia pedeli kwenye D, hivyo hakuna kinachookolewa, na breki hubebeshwa mzigo wote peke yake.

Gari likikwama njiani

Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo kuburuta gari injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha yakiwa chini husaga giaboksi bila oili hata liva ikiwa kwenye N. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele livutwe mbele kukiwa kumenyanyuliwa; linaloendeshwa na manne libebwe juu ya lori. Giaboksi iliyokuwa na kasoro ya solenoidi moja imewahi kufika gereji ikiwa imekufa kwa sababu ya kamba tu.

Ikilazimu kushushwa

Oili imeungua, presha iko chini, uwiano wa gia si sahihi na umeme umethibitishwa kuwa mzima: hapo uamuzi ni kati ya kuikarabati na kununua ya mtumba. Kukarabati kunafaa pale penye fundi aliyebobea na vifaa kamili vya pleti na sili. Kubadilisha pleti zilizoungua tu bila kutafuta kilichoziunguza huirudisha gari gereji. Kwa magari ya kawaida kama IST, giaboksi ya mtumba kutoka maduka ya Shaurimoyo, Ilala, au Kirinyaga Road, Nairobi, huwa nafuu na ya haraka.

Namba ya kibati ilingane hadi herufi za mwisho, kwani giaboksi mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa sensa na uwiano wa gia. Mwambie muuzaji aifungue nati ya sampu mbele yako, unuse oili, na mkubaliane kwa maandishi muda wa kujaribu. CVT za Nissan zina jambo la ziada: takwimu za urekebishaji wa velvu bodi ya giaboksi iliyowekwa huandikwa kwenye kompyuta kwa mashine maalumu, na isipofanywa hivyo giaboksi isiyo na kasoro itashtuka na kutoa misimbo kana kwamba nayo ni mbovu.

Kabla ya kufunga, bomba na kipozeo cha oili visafishwe kabisa au vibadilishwe, kwa kuwa uchafu wa giaboksi iliyokufa umekaa humo ukisubiri mpya. Mauntini zilizochoka zibadilishwe wakati huohuo, sili ya nyuma ya injini ikaguliwe maana haitafikiwa tena kirahisi, na tokikonveta iingizwe mpaka ikae sawasawa kwenye pampu kabla ya kukaza bolti, kwani kuivuta kwa bolti huvunja pampu siku hiyohiyo. Oili ipimwe tena baada ya safari ya kwanza, kisha sampu ifunguliwe baada ya kilomita elfu chache ili kutazama sumaku.